Vidole vinachomachoma nikifanya pranayama: niendelee?

SWALI: "Nina miaka 46, ni mwalimu wa sekondari. Mwaka jana nilikutwa na presha, natumia amlodipini miligramu 5 kila siku. Tangu wakati huo usingizi umevurugika. Naamka saa nane usiku moyo unakwenda mbio, naona kama hewa hainitoshi. Nilipimwa moyo nikaambiwa uko sawa. Mwenzangu kazini akanionyesha video za pranayama, yaani mazoezi ya pumzi ya yoga, nikaanza ile ya kusukuma tumbo kwa kasi, kapalabhati, asubuhi na jioni. Baada ya dakika chache kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinachomachoma. Kwenye video wanasema hiyo ni sumu inatoka na oksijeni inaingia, na kwamba ukidumu miezi mitatu unaweza kuachana na vidonge vya presha. Ni kweli? Niendelee? Halafu mama yangu, mtu wa ibada sana, ananiambia hayo ni mambo ya dini ya watu wengine. Naomba mwongozo."

JIBU: Dada yangu, pole kwa usiku huo, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujagusa vidonge. Nianze na majibu mafupi. Kapalabhati iache kuanzia leo. Amlodipini endelea nayo kama ulivyoandikiwa. Pranayama yenyewe usiitupe, kwa sababu yamo ndani yake mazoezi ya pumzi ya taratibu ambayo kwa mtu mwenye presha na usingizi wa mang'amung'amu yana faida ya kweli. Shida ni kwamba umeanza na zoezi lisilokufaa, na ukaelezwa sababu zisizo sahihi.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wengi ninaowahudumia ni watu wa kifua: wenye pumu, waliopona kifua kikuu lakini mapafu yakabaki na makovu, waliotoka chumba cha wagonjwa mahututi. Kufundisha watu kupumua ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusu nikueleze kwa kirefu kidogo. Mtu akielewa mwili wake unavyofanya kazi, si rahisi video kumyumbisha.

Tuanze na vidole. Hakuna sumu iliyokuwa inatoka. Taka za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, hazina njia ya kutokea kwenye ncha za vidole. Na oksijeni uliyodhani unaiongeza, ulikuwa nayo tayari. Mtu mwenye mapafu mazima akiwekewa kidoleni kile kipimo cha kubana, kinasoma kati ya asilimia 95 na 100. Maana yake himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu, imejaa au inakaribia kujaa. Hata ukipumua mara mbili ya kawaida, hakuna pa kuiweka hiyo ya ziada.

Kinachobadilika ni kaboni dayoksaidi. Wengi tumekua tukijua kuwa hiyo ni hewa chafu ya kutupwa nje tu. Kumbe mwili unaihitaji, tena kwa kipimo: kwenye damu ya ateri inatakiwa iwe kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Ndiyo inayosaidia kuzuia damu isiwe na asidi nyingi wala alkali nyingi, na ndiyo inayoamua mishipa ya damu ya ubongo itanuke kiasi gani. Unaposukuma tumbo kwa kasi dakika kadhaa mfululizo, unaitoa kaboni dayoksaidi haraka kuliko mwili unavyoitengeneza. Mishipa ya ubongo inasinyaa, damu inayofika kichwani inapungua, na ndiyo maana kichwa kinakuwa chepesi. Wakati huohuo damu inaelekea kwenye alkali, kalsiamu iliyo huru ndani yake inashuka, na neva zikipungukiwa na kalsiamu hiyo zinaanza kusisimka ovyo. Ndiyo hiyo michomo ya midomoni na vidoleni. Ukizidisha, vidole vinajikunja na kukakamaa vyenyewe, na nimeona familia zikimkimbiza mtu hospitali zikidhani ni kiharusi.

Kuna jambo jingine. Kaboni dayoksaidi ikishuka, himoglobini inaing'ang'ania oksijeni badala ya kuiachia kwenye tishu. Kwa hiyo zoezi uliloambiwa linaongeza oksijeni, kwa dakika zile linaweza kuufanya ubongo wako upate pungufu.

Sasa turudi kwenye ile saa nane usiku. Kuhisi kwamba hewa haitoshi si lazima kutokane na upungufu wa hewa. Mtu mwenye wasiwasi hupumua juu juu, kwa kifua cha juu, mara nyingi kwa mdomo. Kaboni dayoksaidi inashuka, kifua kinabana, kichwa kinaelea. Anaona hewa imekwisha, anavuta zaidi, na kadiri anavyovuta ndivyo hali inavyozidi. Ikiwa hilo ndilo linalokutokea, basi asubuhi na jioni umekuwa ukiuzoesha mwili upumue vilevile unavyopumua usiku ukiwa na hofu. Nimesema "ikiwa", kwa sababu zipo sababu nyingine za kuamka hivyo, na nitazieleza huko chini, tafadhali usiziruke. Na kwa kuwa wengi hushauriwa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi, nakusihi usifanye hivyo. Kama kumbe tatizo ni pumu au moyo, mfuko ule unaweza kukumaliza.

Hao waliobuni mazoezi haya huko India hawakuyafundisha kama yanavyofundishwa kwenye hizo video. Katika njia ya Patanjali, mwandishi wa kale wa yoga, yenye hatua nane, pranayama ni ya nne, na inakuja baada ya mtu kuweza kukaa kitako kwa utulivu. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha Svatmarama cha karne ya 15, hakikuiweka kapalabhati kwenye orodha ya pranayama. Kimeiweka kwenye mazoezi sita ya kusafisha mwili, pamoja na lile la kusafisha pua. Na kuhusu pumzi kinaonya kwamba ifugwe polepole, kama simba, tembo na chuimilia wanavyofugwa, la sivyo humwangamiza anayeifuga. Mimi nalichukulia onyo hilo kwa uzito, maana linalingana na ninayoyaona kwa wagonjwa wanaokuja na mazoezi waliyojifunza kwa haraka. Mwaka 1924, kule Lonavla, kwenye vilima vilivyo kati ya Mumbai na Pune, Swami Kuvalayananda alianzisha taasisi ya Kaivalyadhama na kuanza kuipima yoga maabara, kwa eksirei na vipimo vya presha. Ni karne nzima sasa watu wanapima, na kinachojitokeza mara kwa mara ni kwamba faida iliyo thabiti iko kwenye kupunguza mwendo wa pumzi.

Sababu ya kwanza ni hesabu ambayo unaweza kuiandika ubaoni. Mtu mzima aliyetulia huvuta takriban mililita 500 kwa pumzi moja. Kati ya hizo, karibu 150 zinabaki njiani, kwenye pua, koo na bomba la hewa, wala hazifiki kwenye vile vifuko vidogo ambamo oksijeni inaingia kwenye damu. Akipumua mara 12 kwa dakika, lita 6 zimeingia, na lita 4.2 zimefika. Mwingine anapumua juu juu, mara 24, mililita 250 kila mara. Nazo ni lita 6, lakini zilizofika ni 2.4 tu. Wa tatu anapumua mara 6, lita moja kila mara, na kwake zimefika lita 5.1. Wote watatu wamevuta lita sita. Yule anayehema sana ndiye aliyejichosha zaidi na kupata kidogo kuliko wote.

Sababu ya pili iko kwenye moyo, na hiyo unaweza kuisikia mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Vuta pumzi taratibu puani, kisha itoe taratibu zaidi. Ukituliza mawazo utasikia mapigo yanaharakisha kidogo unapovuta na kupunguza mwendo unapotoa. Kwa vijana tofauti hiyo husikika wazi zaidi, lakini hata kwa umri wetu ipo. Inaletwa na neva ya vagasi, neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, kupitia shingoni, hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Unapovuta pumzi neva hii hulegeza breki yake kwenye moyo, na unapotoa huikaza tena. Kwa hiyo ukirefusha kutoa pumzi, unaupa moyo muda mrefu zaidi wa kupunguza mwendo. Moyo huwezi kuuamuru moja kwa moja upige polepole, lakini pumzi unaweza, na moyo unaifuata.

La tatu linahusu presha yenyewe. Kwenye mishipa mikubwa ya shingoni na juu ya moyo vimo vihisio vinavyopima msukumo wa damu na kuuarifu ubongo urekebishe. Kwa mwenye presha vihisio hivyo huwa vimepungua wepesi. Pumzi ikishuka hadi kama sita kwa dakika, mdundo wake unakutana na mdundo wa asili wa mfumo huo, na vihisio vinafanya kazi kwa wepesi zaidi. Mwaka 2001 watafiti nchini Italia walichapisha kwenye British Medical Journal utafiti uliowashirikisha watu wazima 23 wenye afya. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, na wakikariri mantra ya yoga, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Rozari na mantra, zote mbili, zilishusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na zote ziliongeza wepesi wa vihisio vile. Mweleze mama habari hiyo. Mwili uliitikia mwendo wa pumzi, kwa maneno ya dini hii na ya ile.

Kwenye suala lake sitakaa sana, kwa kuwa si taaluma yangu, ila nitakuwa mkweli kwako. Pranayama ilizaliwa ndani ya dini na falsafa za India, na wapo wanaoifanya kama ibada. Viongozi wa dini nao hawana kauli moja. Mwaka 2008 baraza la taifa la fatwa la Malaysia liliipinga yoga inayochanganywa na ukariri wa mantra. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe kama mazoezi ya mwili. Hilo la kupumua taratibu halihitaji mantra, sanamu wala imani yoyote, na sisi hospitalini tunawafundisha wagonjwa wa dini zote. Kama bado roho yako haijatulia, muulize sheikh au padri unayemwamini, umweleze hasa unachofanya: kukaa kwenye kiti na kutoa pumzi polepole.

Sasa zoezi lenyewe. Chagua saa ambayo tumbo halijajaa. Kaa kwenye kiti, nyayo zote mbili chini, mgongo umenyooka bila kukakamaa. Kama umefunga kanga kiunoni, ilegeze; wengi hufunga kwa nguvu kiasi kwamba tumbo haliwezi kutoka nje, halafu wanashangaa pumzi inaishia kifuani. Weka kiganja kimoja chini kidogo ya mbavu, kingine kifuani. Funga mdomo. Vuta hewa puani kwa hesabu ya nne ya polepole, na mkono wa chini ndio usogee kwanza. Kinachousukuma ni kiwambo, msuli mpana uliotanda kati ya kifua na tumbo. Kinashuka, tumbo linatoka. Mkono wa juu ubaki karibu palepale. Halafu toa puani kwa hesabu ya sita, bila kuisukuma, uiache iishe yenyewe. Nne na sita ni kumi, na ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, utakuwa unapumua mara sita kwa dakika.

Wengi hukosea mahali pamoja: wanajaza kifua hadi mabega yanapanda masikioni, kwa kudhani pumzi ndefu ni pumzi kubwa. Pumzi iwe ndefu kwa muda, si kwa ujazo. Ukiihisi ni ndogo na laini kiasi kwamba mtu aliye pembeni hasikii kitu, hapo umeipata. Kama hesabu ya nne na sita inakuletea kiu ya hewa, anza na tatu na nne, uongeze baada ya wiki. Dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala zinatosha kuanzia, na ukitaka fika kumi. Kichwa kikianza kuwa chepesi au vidole vikichoma, unapumua nyingi mno. Acha, pumua kawaida, na safari inayofuata vuta kidogo zaidi.

Wewe kama mwalimu una jambo jingine la kuangalia, nami nimeliona kwa walimu na wahubiri wengi. Mkiongea kwa sauti kubwa kipindi kizima, mnamaliza sentensi ndefu hadi hewa inakwisha kabisa, kisha mnanyakua pumzi kwa mdomo, kwa kifua cha juu, na kuendelea. Mtu akipumua hivyo saa tano au sita kila siku ya kazi, hawezi kufidia yote kwa dakika kumi za jioni. Jifunze kutua kila unapogeukia ubao: funga mdomo, pumzi moja ya puani, ndipo uendelee.

Ukishazoea zoezi hilo la msingi kwa wiki mbili tatu, ongeza bhramari, pumzi ya kuvuma kama nyuki. Vuta puani, kisha toa ukiwa umefumba mdomo na kutoa mvumo wa chini, mmmm, hadi pumzi iishe. Faida yake kubwa ni kwamba hauwezi kuvuma kwa haraka. Mvumo wenyewe unarefusha kutoa pumzi bila wewe kuhesabu, na kwa watu wenye mawazo yanayozunguka usiku unawapa kitu cha kusikiliza. Watafiti wa Uswidi walionyesha mwaka 2002 kwamba kuvuma kunaongeza takriban mara 15 hewa ya naitriki oksaidi inayotoka puani. Utawasikia watu wakilijenga hilo hadi kusema kuvuma kunatibu kila ugonjwa. Utafiti wenyewe ulionyesha kuwa hewa inabadilishana vizuri kati ya pua na mashimo yaliyo ndani ya mifupa ya uso, basi.

Nadi shodhana nayo ni ya salama, ile ya kupokezana matundu ya pua. Kwa mkono wa kulia, dole gumba linaziba tundu la kulia, na kidole cha pete kinaziba la kushoto. Vuta kushoto, toa kulia, vuta kulia, toa kushoto. Huo ni mzunguko mmoja. Usishangae tundu moja likiwa zito kuliko jingine. Matundu ya pua hupokezana kuvimba kidogo kwa saa kadhaa mchana na usiku, jambo lililoelezwa na daktari Mjerumani, Kayser, mwaka 1895, na halina maana ya ugonjwa. Ukiwa na mafua, liache hadi pua ifunguke.

Yale ya kubana pumzi kwa muda mrefu, ya kasi kama kapalabhati na bhastrika, na ya kuvuta kwa tundu la kulia peke yake, yaache. Kubana pumzi kwa nguvu kunapandisha msukumo wa damu, nawe tayari una presha. Sizungumzii hatari ya kufikirika. Mwaka 2004 jarida la kitabibu liitwalo Chest liliripoti mwanamke wa miaka 29, mzima wa afya, aliyepata uvujaji wa hewa kati ya pafu na ukuta wa kifua kutokana na kapalabhati. Ni nadra, lakini imetokea. Wajawazito, wenye kifafa, presha ya macho, henia, ugonjwa wa moyo, au waliofanyiwa upasuaji karibuni, wasiguse mazoezi hayo ya kasi. Wenye pumu wanaweza kunufaika na pumzi ya taratibu, hali ya maisha ikawa nafuu zaidi, ila dawa ya kuvuta ibaki mfukoni na ile ya kila siku iendelee.

Sasa vidonge. Mazoezi ya pumzi ya taratibu, yakifanywa kila siku kwa wiki kadhaa, huweza kushusha presha kwa milimita chache, mara nyingi chini ya kumi kwa ile namba ya juu. Si haba, hasa ukiongeza kupunguza chumvi na kutembea. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuandikiwa dawa, hayatoshi kuchukua nafasi yake. Na kwa amlodipini kuna mtego unaowanasa wengi. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya siku moja na nusu hadi mbili, nusu yake bado iko kwenye damu. Mtu akiacha leo, akapima kesho, akakuta presha nzuri, anaamini zoezi limemponya. Wiki inayofuata imepanda na yeye hajisikii chochote, maana presha haina maumivu. Akitaka kupunguza dozi, hilo lifanyike na daktari wake, akiwa na vipimo vya wiki kadhaa mkononi.

Kwa upande wa akili, matokeo yanatia moyo zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wa watu waliofanya zoezi dakika tano kwa siku kwa mwezi mmoja. Wengine walifanya tafakuri ya kimya, wengine mazoezi ya pumzi ya namna mbalimbali. Wote walipungukiwa na wasiwasi, ila walioboreka zaidi kwa furaha ya moyo ni wale waliofanya hivi: kuvuta puani, kuongeza pumzi fupi juu yake, kisha kuishusha yote polepole kwa mdomo. Usiku ukiamka, hilo ndilo la kuanza nalo. Kaa kitako kitandani badala ya kulala chali, lifanye mara tatu au nne, halafu rudi kwenye nne na sita. Usiangalie saa, wala usijilazimishe kulala. Kazi yako kwa dakika hizo ni kutoa pumzi tu.

Hapa sasa ndipo nakuomba utulie usome vizuri. Mtu mwenye presha anayeamka usiku akiona hewa haitoshi, hatakiwi kuambiwa ni wasiwasi hadi mengine yaondolewe. Unasema moyo ulipimwa. Uliza walipima nini. Kile kipimo cha umeme wa moyo, cha kubandikwa nyaya kifuani, hakionyeshi kila kitu. Kama hukufanyiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, zungumza na daktari juu yake. Moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri huanza hivyo hivyo: mtu akilala chali anakosa pumzi, akikaa anapata nafuu, miguu inavimba jioni. Ila ujue kwamba amlodipini yenyewe huweza kuvimbisha vifundo vya miguu na kufanya moyo uende mbio kwa baadhi ya watu, na wewe umesema hali hii ilianza wakati uleule wa dawa. Huenda kubadilishiwa dawa tu kukapunguza nusu ya tatizo. Hilo halimaanishi uache. Linamaanisha umwambie daktari.

Muulize pia mtu anayelala nawe kama unakoroma sana na pumzi kukatika kisha unashtuka. Hilo nalo hupandisha presha, na zoezi la kupumua mchana haliliponyi. Na kwa miaka 46 usisahau hedhi. Kipindi cha kuelekea kukoma hedhi huwaamsha wanawake wengi usiku kwa joto, jasho na mapigo ya moyo, na wengi huhangaika peke yao wakidhani ni moyo au ni mambo ya ushirikina. Kama damu imekuwa ikitoka nyingi, upungufu wa damu nao huleta moyo kwenda mbio na kuishiwa pumzi. Kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya thairoidi si vya gharama kubwa, na vinaondoa mengi.

Usisubiri miadi ukipata maumivu au mbano wa kifua unaosambaa mkononi au kwenye taya, kuzimia, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kuongea vizuri, au pumzi kukosekana hata ukiwa umekaa. Vivyo hivyo presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na una maumivu makali ya kichwa, kifua au macho kuona ukungu. Hapo ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana, bila kujaribu zoezi lolote kwanza.

Ukienda kliniki, nenda na daftari. Pima presha asubuhi na jioni kwa wiki mbili, ukiwa umekaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono umelala usawa wa moyo, na kama umekunywa chai au kahawa ngoja nusu saa. Pima kabla ya zoezi la pumzi, si baada yake, kwa sababu dakika chache baada ya zoezi namba huwa imeshuka kwa muda tu na itamdanganya daktari na wewe. Pembeni andika usiku ulioamka, kama kulikuwa na jasho, kama ulilazimika kukaa ili upate pumzi, na tarehe za hedhi. Mwonyeshe daktari, mwombe azungumzie eko, damu na hiyo amlodipini. Majibu yakitoka, niandikie tena pamoja na namba zako, tupange zoezi linalolingana nazo.